Slaidi kwenye motahomu: ikague ikiwa imefungwa

Wauzaji wengi wa motahomu, yaani magari ya kuishi safarini, Marekani hukuonyesha gari likiwa na slaidi zote nje. Slaidi ni sehemu ya chumba inayosukumwa nje ya ukuta mkishaegesha, na kurudishwa ndani kabla ya kuondoka. Ukiingia unaona sebule pana na kochi zuri, moyo unatulia. Mwombe azirudishe zote ndani, kisha uingie tena. Je, chooni unafika? Friji inafunguka? Kitandani mtu anaweza kulala? Kuna magari ambayo slaidi ikiingia, kochi hubanana na kabati za jiko na njia ya kwenda nyuma huziba kabisa. Gari la namna hiyo linakunyima chai ya kando ya barabara. Hata usiku mmoja kwenye maegesho ya duka utakuwa wa taabu, kwa sababu huko adabu ni kulala bila kutoa slaidi.

Faida yake ni ya kweli. Barabarani upana wa gari huishia futi 8.5, yaani kama mita 2.6, kwa hiyo nafasi zaidi hupatikana tu mkishaegesha. Slaidi ya urefu wa futi 12 ikitoka futi 2 na nusu inaongeza futi za mraba 30, karibu mita za mraba 2.8. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini kwa familia iliyofungiwa ndani na mvua siku mbili, hapo ndipo mtoto anapochezea bila kukanyagwa na anayepika. Kwa wanaokaa wiki nzima au mwezi kambini, ninaiunga mkono bila kusita. Anayehama kila siku ataifaidi kidogo, na gharama zake atazibeba zote.

Gharama ya kwanza ni uzito. Soma kibandiko cha uwezo wa kubeba abiria na mizigo kilicho karibu na mlango. Kila slaidi ina sakafu, paa, mota na vyuma vyake, na vyote hivyo hula kilo ambazo zingekuwa za mizigo yako. Kumbuka maji pia: tangi la galoni 60 likijaa ni kama kilo 227. Ulaya, ambako leseni ya kawaida ya daraja B huishia kilo 3,500, ndiyo maana slaidi ni adimu.

Kubwa kuliko zote ni maji ya mvua. Ukuta umekatwa tundu kubwa, na kinachozuia maji ni raba tu. Raba ikikauka au ikikunjika pembeni, maji hupenya hadi kwenye plaiwudi ya sakafu ya slaidi, nayo huoza kimyakimya kuanzia kwenye kona. Kwa gari lililotumika, bonyeza kona za sakafu kwa kidole gumba, kisha lala chini uzitazame kwa upande wa nje. Pakilegea au pakibonyea, toka hapo, kwa sababu kuibadilisha sakafu ya slaidi ni kazi kubwa na ghali. Usiku, mtu amulike tochi nje kuzunguka raba wewe ukiwa ndani gizani. Mwanga unapopita, maji na baridi navyo vitapita.

Kuhusu mitambo, uliza slaidi inasukumwa na nini. Ya haidroliki ina nguvu na hufaa slaidi nzito, ila mipira ya mafuta huvuja. Ya reli yenye meno chini ya sakafu ni imara na rahisi kutengeneza. Ya aina iitwayo Schwintek ni nyepesi: mota mbili, moja kila upande, zinazopanda reli zenye meno ukutani. Mota hizo zinatakiwa kwenda sambamba. Ukiachia swichi katikati mara kwa mara, au betri ikiwa dhaifu, upande mmoja hutangulia na slaidi hukwama ikiwa imeinama. Dawa yake ni kushikilia swichi mpaka mota zote mbili zisimame zenyewe, kwenda na kurudi.

Betri dhaifu husumbua mifumo yote ya umeme. Kabla ya kuitoa slaidi, chomeka umeme wa kambi au washa jenereta. Sawazisha gari kwanza, isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vinginevyo. Sogeza kiti cha dereva mbele kama kiko njiani, funga droo, okota viatu vya watoto sakafuni. Kisha mmoja asimame nje aangalie mti na nguzo ya umeme. Wakati wa kuirudisha, fagia majani na vijiti juu ya paa lake, maana kijiti kimoja tu kinatosha kuchana raba.

Raba zisafishwe kwa maji na sabuni, zikauke, kisha zipakwe dawa yake maalumu isiyotokana na mafuta ya petroli, mara mbili au tatu kwa mwaka. Reli za Schwintek zipulizie kilainishi kikavu. Grisi hushika mchanga, na mchanga husaga meno.

Ningechagua gari la slaidi moja, mbili zikizidi, lenye kitanda na choo vinavyofikika likiwa limefungwa. Na siku ya kulichukua, usiondoke kabla hujaonyeshwa namna ya kuirudisha slaidi kwa mkono, ukaijaribu mwenyewe, na ukajua kifaa chake kinakaa wapi.