Kisiwa cha Ugiriki chenye miti na utulivu: mimi nasema Skopelos

Dada umeuliza, wewe na shemeji mko Ujerumani, mnataka wiki moja ya kupumzika Ugiriki, kisiwa chenye miti, kisiwe kama Santorini ambako hata kuangalia jua linazama mnasukumana. Mimi na mke wangu tulitaka hicho hicho, tukaangukia Skopelos, tulienda mwezi wa sita na hatujutii.

Kigezo changu mimi ni kimoja tu, kisiwa kina uwanja wa ndege au hakina? Skopelos hakina. Unashuka na ndege Skiathos, kisiwa cha jirani, halafu unapanda boti, na huo usumbufu wa boti ndo unaowachuja watu, wapenda disko wote wanabaki hukohuko Skiathos. Kuhusu miti sasa, aisee, Santorini na Mykonos kule ni ukame, mawe na kuta nyeupe, huku misonobari imeshuka mlimani mpaka inakaribia maji, pale Milia na Kastani unatandika taulo lako chini ya mti, mchana jua likiwaka unasikia harufu ya utomvu na vile vidudu vinalia juu mpaka unasinzia. Ila fukwe nyingi ni kokoto, sio mchanga, bebeni viatu vya majini la sivyo mtatembea mnachechemea.

Sasa boti, hapa sikiliza vizuri. Skopelos ina bandari mbili za abiria, moja ipo mjini Chora na nyingine Loutraki chini ya kijiji cha Glossa, na kati yake ni kama kilomita 30 za barabara ya kona kona. Kwenye tiketi wakati mwingine imeandikwa Glossa tu, mtu anaona bei nafuu na boti inafika haraka ananunua, kumbe chumba chake kipo Chora, anabaki anasubiri basi na mabegi. Alafu upepo ukiwa mkali walinzi wa pwani wanazuia vyombo kutoka, boti za mwendokasi ndo zinaanza kusimamishwa, yaani siku ya kurudi msipange boti ya asubuhi na ndege ya mchana. Kuna familia tulikuwa nao gesti moja walipanga hivyo, ndege ikawaacha. Sisi usiku wa mwisho tulilala Skiathos, roho kwatu.

Malazi inategemea kama mtakodi gari. Bila gari kaeni Chora, kuna basi la KTEL, kampuni ya mabasi ya abiria, linapita Stafylos, Agnontas, Panormos, Milia hadi Glossa, linatosha kabisa. Lakini Chora ya zamani ni vichochoro vya ngazi juu ya kilima, gari haliingii, kwa hiyo kabla hujalipia muulize mwenye nyumba kutoka barabarani ni ngazi ngapi, usikubali jibu la "karibu tu". Mkiwa na gari mimi ningelala Panormos, ghuba imetulia, jioni mnatembea kwa miguu kwenda kula. Kile kikanisa cha Agios Ioannis juu ya mwamba, kilichoonekana kwenye filamu ya Mamma Mia! ya 2008, kipandeni asubuhi kabla jua halijakomaa.

Chakula msiwe na wasi, hata asiyekula nguruwe hatalala njaa. Tafuteni tiropita ya Skopelos, unga unasukumwa mwembamba kabisa, unaviringishwa na jibini ndani kama kamba ndefu, kamba yenyewe inazungushwa kama konokono halafu inakaangwa kwenye mafuta, ukiuma inapasuka, jibini la moto linakuchuruzikia vidoleni, mke wangu alikuwa anakula hiyo badala ya chai. Samaki wengi bei yake ni kwa kilo, mwambie mhudumu ampime samaki kabla hajaenda jikoni ukajua unalipa ngapi. Mkate ukiletwa mezani hujauagiza mara nyingi unalipiwa pia, ni kawaida yao. Na gesti nyingi kuna kodi ya serikali ya kila usiku ambayo haipo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, muulize mapema. Chooni karatasi zinatupwa kwenye ndoo, mabomba yao ni membamba, hilo mlijue kabisa.

Mwezi: wa sita au wa tisa. Wa tisa bahari ina joto kuliko wa sita. Wa nane kimbieni, hasa kuzunguka tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwa wingi na vyumba vinapanda bei.

Na kama hata Skopelos mtaona kuna watu, boti nyingi zilezile zinaendelea mpaka kisiwa cha Alonissos, huko kumetulia zaidi na bahari yake ni hifadhi tangu 1992, wanalinda sili, wale wanyama wa baharini. Ila usafiri wa kuzunguka ni mdogo, huko kodini gari.