Maswali Yenu: Darasa la Afya Likihamia Mtandaoni

Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi mwaka huohuo. Baada ya ugonjwa wa virusi vya Marburg kuzuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, walimu wa afya wanatuuliza wajiandae vipi iwapo milango itafungwa tena.

Nafundisha ukunga Temeke. Wanafunzi wangu wengi wana simu tu na bando la kuungaunga. Nikifundisha kwa video saa mbili, nusu yao wanapotea njiani. Nifanyeje?

Mwalimu, usiuhamishe mhadhara wa saa mbili kama ulivyo. Video ya moja kwa moja inaweza kula mamia ya megabaiti kwa saa moja. Sauti peke yake, ukiirekodi kwa kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 15 hazizidi megabaiti 4. Basi likate somo vipande vya dakika 10 hadi 15, kila kipande sauti na slaidi zake za PDF. Zipe slaidi namba na uzitaje unapozungumza, "sasa tuko slaidi ya nne", maana msikilizaji hakuoni ukigeuza. Rekodi kwenye chumba chenye godoro na mapazia ili sauti isirudi. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, na feni uizime hata kama joto la Dar limekukaba, kwa sababu mvumo wake hufunika maneno.

Masomo yakae mahali pamoja. Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni, inafaa kwa kuwa programu yake ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa na mtandao na kulisoma bando likiisha. WhatsApp ibaki ya matangazo. Faili likitumwa kwenye kundi asubuhi, jioni limeshazama chini ya salamu na pole. Kipindi cha moja kwa moja kiwe nusu saa, cha maswali na mazoezi tu.

Kwa ukunga zoezi zuri ni patografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, kwani halihitaji zaidi ya karatasi na kalamu. Tumia ile iliyoboreshwa ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ya kabla ya mwongozo wake mpya wa 2020, ambayo mstari wake wa tahadhari huanzia sentimita 4 na kupanda sentimita moja kila saa. Wape kisa: mama amepimwa saa 2 asubuhi, njia imefunguka sentimita 4, saa 6 mchana ni sentimita 6. Wachore, wapige picha, watume. Aliye sahihi ataonyesha kwamba mama amevuka mstari wa tahadhari kwa saa mbili lakini hajafika mstari wa kuchukua hatua, ulio saa nne kulia kwake. Kisha waulize: mapigo ya moyo wa mtoto yalipaswa kuandikwa kila baada ya muda gani? Jibu ni nusu saa, na hapo ndipo utaona nani aliacha visanduku vitupu. Picha hizo zitumwe kama faili, si kama picha ya kawaida, la sivyo WhatsApp huzibana hadi tarakimu ndogo hazisomeki.

Mimi ni daktari tarajali. Kushona kidonda na kukandamiza kifua vinafundishika kwa simu?

Nusu yake tu, Daktari. Kufunga fundo kunafundishika vizuri: funga kamba mbili za viatu za rangi tofauti kwenye mguu wa kiti, ili anayekuangalia ajue ncha ipi imepita juu. Kamera ikae nyuma ya bega la mfundishaji, ione mikono kama yeye anavyoiona. Ukiiweka mbele yake, kulia na kushoto vinageuka na mwanafunzi anaiga kinyume.

Kukandamiza kifua cha mtu mzima ambaye moyo umesimama ni jambo jingine. Kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na hesabu ya migandamizo 30 kwa pumzi 2, mwalimu anaweza kuvisahihisha kwa video. Kina cha sentimita 5 hadi 6 hawezi. Mto wa kulalia hubonyea kirahisi, mtu akadhani ameweza, kisha kwenye kifua halisi mikono inakosa nguvu. Hapo panahitajika mdoli wa mafunzo na mwalimu pembeni. Vyuo vikifunguliwa, siku za kwanza ziwe za mikono: vikundi vya watu watano, barakoa, mdoli ukifutwa kwa dawa kila anapobadilika mtu. Nadharia ingoje. Asipitishwe mtu kwa video peke yake.

Mitihani je? Wanaibia sana. (Mhadhiri, Ubungo)

Uliza maswali ambayo kitabu hakiyajibu moja kwa moja: kisa cha mgonjwa, kila mwanafunzi na uzito na vipimo vyake, akokotoe dozi. Halafu mpigie simu dakika tano akueleze kwa nini.

Picha za wagonjwa wodini tunaweza kuziweka kwenye slaidi? (Muuguzi, Ilala)

Kwa ridhaa ya maandishi ya mgonjwa na kibali cha hospitali, ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kufunika macho hakutoshi: alama ya kuzaliwa, namba ya jalada kitandani au jina kwenye pembe ya picha ya eksirei vinamtambulisha. Na usifunike jina kwa kisanduku cheusi ndani ya slaidi, kwani anayepokea anaweza kukisogeza. Hata sehemu uliyokata ndani ya slaidi mara nyingi inabaki humo na kurudishika. Ikate kwanza nje, ihifadhi kama picha mpya, ndipo uibandike.