Kabla ya kusoma tamko la pamoja, mtafute anayeweza kuzuia

Mkutano wa wakuu wa mataifa makubwa ukimalizika, kila mtu hukimbilia tamko la pamoja. Ninyi mnaoanza kusomea au kufuatilia uhusiano wa kiuchumi wa kimataifa, lisomeni pia. Lakini kwanza jueni nani ana uwezo wa kuzuia, na kwa kanuni ipi. Miaka yangu katika kazi hii imenifundisha kuanzia hapo.

Chukueni Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Maamuzi yake mazito yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16. Kwa hesabu hiyo tu, ina kura ya turufu. Mwaka 2010 wanachama walikubaliana kuipa China na nchi nyingine zinazoinukia mgawo mkubwa zaidi, yaani sehemu kubwa zaidi ya michango na kura. Mageuzi hayo yalianza kutumika Januari 2016, kwa sababu Bunge la Marekani lilikaa nayo hadi Desemba 2015. Wakati yakisubiri, China ilianzisha Benki ya Uwekezaji wa Miundombinu ya Asia, na Machi 2015 Uingereza ikatangaza kujiunga nayo ingawa Washington haikufurahia. Sidai kwamba ucheleweshaji ule peke yake ndio ulioizaa benki hiyo, ila asiyeujua hataelewa kwa nini wengi walivutiwa.

Katika Shirika la Biashara Duniani, WTO, kizuizi ni cha namna nyingine: mwafaka. Nchi moja ikikataa, uteuzi wa majaji wa Chombo cha Rufaa, kinachosikiliza rufaa za kesi za biashara kati ya nchi, hukwama. Rufaa husikilizwa na majaji watatu kati ya saba. Marekani ilipozidi kuzuia uteuzi, Desemba 2019 akabaki mmoja. Tangu hapo anayeshindwa kesi anaweza kukata rufaa isiyo na wa kuisikiliza. Msikimbilie kueleza hili kwa tabia ya rais mmoja. Uzuiaji ulianza wakati wa Obama, ukakolea wakati wa Trump, na Biden hakuuondoa. Malalamiko ya Marekani dhidi ya chombo hicho yanavuka vyama vyake vya siasa, kwa hiyo yana mizizi ndani ya nchi, na huko ndiko pa kuyachimbua.

Hilo halina maana kwamba ushirikiano umekufa. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya na China, ambao hawaishiwi ugomvi wa biashara, waliunda pamoja na nchi nyingine utaratibu wa muda wa rufaa. Wapinzani hushirikiana pale ambapo kukosa kanuni kunawaumiza wote; nawasihi mzitafute sehemu hizo kwa bidii ileile mnayotafutia migogoro.

Kuhusu ahadi za fedha, fuateni takwimu za forodha. Januari 2020 China iliahidi kununua kutoka Marekani, kwa miaka miwili, bidhaa na huduma za dola bilioni 200 zaidi ya kiwango cha 2017. Lengo halikufikiwa. Mkilinganisha, chukueni takwimu za pande zote mbili: hazilingani, na sababu moja ni bidhaa zinazopitia Hong Kong.