Sista, tumwambie au tusimwambie?

Barua za safari hii nyingi zinafanana: mgonjwa yuko kitandani, wanaoamua wako koridoni. Nimechagua saba. Majina nimeyaacha, na pale ambapo mji ungemtambulisha mtu nimeutaja kwa mbali tu.

Shikamoo Sista. Baba yetu ana miaka 71, amekutwa na saratani ya koo la chakula na imeshasambaa. Kaka mkubwa alimvuta daktari pembeni akamwomba asimwambie, tukakubaliana tuseme ni vidonda vya tumbo. Sasa kapewa rufaa ya Ocean Road, na kila siku ananiuliza mimi: "Kwani mimi naumwa nini?" Nimwambie? (Kitinda mimba, Kilimanjaro)

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo rufaa. Mtu mzima wa nchi hii akiambiwa anapelekwa Ocean Road, ameshaambiwa. Pale hawatibu vidonda vya tumbo, na jina la taasisi lenyewe lina neno saratani. Nadhani mzee anajua. Anatafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye humo ndani, na kakuchagua wewe.

Kaka yako simlaumu. Anaogopa mzee atakata tamaa na kuacha kula. Ni kweli wapo wanaogeukia ukutani siku mbili tatu baada ya kuambiwa; nimewatandikia vitanda, nawajua. Lakini wengi wao baadaye huanza kuita watu. Mmoja alimtaka jirani waliyegombana mpaka wa shamba, mwingine alimtaka mke wa kwanza. Mzee wa miaka 71 ana hati ya kiwanja aliyoificha anapopajua mwenyewe, ana madeni, na huenda ana mtoto msiyemjua. Mkimficha mnamnyima muda wa kuyapanga hayo, halafu mtakuja kuyapanga ninyi mahakama ya mwanzo.

Usimwambie peke yako usiku jikoni, lakini. Kaeni na kaka, kisha mwombeni daktari amuulize mwenyewe kwanza: "Mzee, majibu yametoka. Ungependa nikueleze wewe, au nimweleze mtu mwingine kwa niaba yako?" Wapo wazee watakaojibu, "Mwambieni kijana wangu, mimi niacheni." Hiyo nayo ni haki yake, ilimradi kaamua yeye.

Mkiwa huko muulizeni daktari kuhusu morfini ya maji, ile dawa ya maumivu makali. Watu wanaikimbia wakidhani ni dawa ya kummalizia mgonjwa, au kwamba atageuka teja. Kwa maumivu ya saratani, ikipimwa na kufuatiliwa vizuri, hayo si ya kuogopa. Wenzetu Uganda tangu 2004 wanawaruhusu hata wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu mgonjwa mahututi, kuiandika, maana kijijini daktari hayupo na maumivu hayamsubiri. Kama kuna kitu cha kupigania kwa ajili ya baba, pigania hicho.

Sista, nesi wa wodi ya wazazi amerusha picha ya mapacha wangu kwenye status yake ya WhatsApp. Nimekasirika, mume wangu anasema nina makuu. (Mama pacha, Mbeya)

Huna makuu. Mwombe aifute, bila kelele. Akigoma, nenda kwa metroni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kumpiga picha mama na wanawe wodini hakuwezi kuwa jambo la nesi kuamua peke yake, hata akiweka moyo mwekundu. Nikiwa hapo hapo, niwaambie na wenzangu wa wodi ya majeruhi: ile tabia ya kumpiga picha mtu wa ajali aliyezimia na kuisambaza kwenye makundi "ili ndugu wamtambue" iacheni. Polisi wapo kwa kazi hiyo.

Sista, nafanya kazi maabara. Juzi nimekutana na jina la mchumba wa mdogo wangu kwenye sampuli za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI. Mahari imeshapokelewa, harusi Desemba. Nikinyamaza namuua mdogo wangu, nikisema nafukuzwa kazi. (Dada mtu, Kanda ya Ziwa)

Hebu isome tena barua yako, na wewe ni mtu wa maabara. Sampuli ya kupima wingi wa virusi huchukuliwa kwa mtu aliyeko kwenye dawa. Maana yake huyu kijana anajijua, amejiandikisha kliniki, na yaelekea anameza ARV. Hapo tu neno "namuua" limeshapungua nguvu. Utafiti uliotoa majibu mwaka 2011, uliofuatilia jozi 1,763 za wenzi katika nchi 9, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza uambukizaji kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, haviambukizi kwa njia ya ngono. Kama vyake vimefubaa sijui, na wewe huna ruhusa ya kwenda kuchungulia.

Sheria yetu ya UKIMWI ya 2008 imewafunga nyote wawili. Wewe imekutaka utunze siri. Yeye imemtaka, akishajua hali yake, amwambie mwenzi wake mara moja. Kwa hiyo mzigo wa kusema ni wake. Unachoweza kufanya ni kumweleza mkuu wako wa maabara kwamba kuna sampuli ya mtu unayehusiana naye, apewe mwingine aishughulikie, na umwombe azungumze na mshauri wa CTC, ile kliniki ya dawa za ARV. Wale wana taratibu za kumsaidia mteja amwambie mwenzi wake na amlete kupima. Mshauri anaweza kumuuliza kijana, "Mchumba wako anajua?" bila jina lako kutajwa popote.

Na kumwambia mdogo wako wakapime pamoja kabla ya harusi? Makanisa na misikiti mingi inasisitiza hivyo hivyo. Jiulize kama ungemwambia hata usingeona kitu. Kama jibu ni ndiyo, mwambie, kwa sauti ile ile ya siku zote. Ukianza kumkazia macho na kuguna, umeshaitoa siri.

Najua sijakuridhisha. Mpaka Desemba utakuwa unapikia shughuli na donge kooni. Lakini fikiria habari ikienea kwamba maabara ya pale inapeleka majina ukweni. Watakaoacha kuja kuchukua dawa ni wengi, na virusi vyao havitabaki vimefubaa.

Kaka yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tulipimwa ndugu wanne nani ampe figo, nimefaa mimi tu. Ukoo umekaa kikao ukanitangaza. Nina miaka 29, sijazaa bado, naogopa. Nikikataa nitaitwa muuaji. (Jina tumelihifadhi)

Kikao cha ukoo kinaweza kugawa shamba. Figo yako hakiwezi.

Hofu yako si ya kijinga. Tangu Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka uliofuata, jambo hili limesogea karibu na watu wa kawaida. Zamani ilikuwa India au basi. Upasuaji wa mchangiaji ni salama kwa viwango vya upasuaji: takwimu za Marekani za 1994 hadi 2009 zilionyesha vifo vipatavyo 3 kwa kila wachangiaji 10,000. Wengi wanaishi na figo moja miaka mingi bila shida. Ila kwa mwanamke ambaye hajazaa kuna jambo ambalo kikao hakikulitaja: ukishachangia, hatari ya kupata shinikizo la damu au kifafa cha mimba wakati wa ujauzito inaongezeka. Haizuii kuzaa, lakini uijue kabla ya kusaini.

Dai kuonana na daktari wa figo peke yako, mlango umefungwa, shangazi amebaki nje. Ukimwambia hutaki, hospitali nyingi duniani hutoa jibu moja tu kwa familia: "Huyu hafai kuchangia." Hawaelezi zaidi. Wapo wataalamu wa maadili wanaosema huo ni uongo wa adabu. Mimi naukubali, kwa sababu mtu asiye na ridhaa kweli hafai kuchangia, na kesho yake anatakiwa aendelee kuishi na ndugu zake. Ukibadili mawazo ukaamua kutoa, nalo lisemee humo humo chumbani, kwa hiari yako.

Na atakayewaambia "kuna kijana anauza" mfungieni mlango. Azimio la Istanbul la 2008 linalaani biashara ya viungo, na zile tuhuma za biashara ya figo zilizotikisa Eldoret mwaka 2025, hadi wizara ya afya ya Kenya ikasimamisha upandikizaji kwenye hospitali iliyotajwa, zimeonyesha nani huingia hasara: kijana maskini mwenye kovu, na fedha zimeshaisha.

Sista, mimi ni mhasibu wa hospitali ya kanisa. Mnatuandika kwamba tunazuia wagonjwa na maiti, lakini hamjawahi kuliona daftari la madeni. Tukiwaachia wote, mwezi wa tatu tunafunga milango. (Mhasibu, Nyanda za Juu)

Nimeyaona hayo madaftari, na nakuamini. Si haki hospitali yako ibebe peke yake watu ambao serikali ilipaswa kuwalipia. Lakini binadamu hawekwi rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliwapa fidia wanawake wawili waliozuiliwa Hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu ya bili. Ilisema haki zao za kikatiba zimevunjwa. Hata kihesabu, kaka, mama aliyefungiwa wodini anakula, analalia kitanda cha mgonjwa mwingine, na hawezi kwenda kuuza nyanya zake akulipe. Maiti ndiyo kabisa.

Kosa naliona kwenye muda. Mnauliza uwezo wa mtu siku ya kuruhusiwa, wakati bili imeshafika shingoni. Ofisa ustawi wa jamii amwone siku ya kwanza au ya pili: nani alipe, nani asamehewe, nani alipe kidogo kidogo kwa barua ya mtendaji wa kijiji. Yule wa msamaha aandikwe kwa jina na kiasi, na orodha iende halmashauri kila mwezi, hata wakikaa kimya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikifanya kazi kama ilivyoandikwa itakupunguzia mzigo. Kabla ya hapo una hoja ya kuidai serikali, na daftari lako ndilo ushahidi.

Watafiti wamekuja kijijini, wanataka mwanangu aingie kwenye majaribio ya chanjo. Wanatoa nauli na sabuni. Mama mkwe anasema tunafanywa panya. Nisaini? (Mama Asha, Pwani)

Mama mkwe hakuokota maneno hayo hewani. Kule Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa. Penisilini ikawa dawa ya kawaida miaka ya 1940, hawakupewa. Karibu na kwetu, 1994 ilishajulikana kuwa dawa ya AZT inapunguza sana maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lakini majaribio yaliyofuata ya dozi fupi, pamoja na ya Dar es Salaam na Kampala, yaliwapa baadhi ya wajawazito vidonge visivyo na dawa. Hoja ilikuwa kwamba wanawake wa huku hawakuwa wakipata kitu chochote hata hivyo. Hoja hiyo hainiingii hadi leo, ingawa nawaheshimu baadhi ya waliotoa.

Sasa upande wa pili. Chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha 2021 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe. Watoto wa kundi la kulinganisha hawakuchomwa maji. Walipewa chanjo nyingine yenye faida, kama ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo utafiti wa heshima upo, na bila akina mama kama wewe chanjo ile isingekuwepo.

Waulize: kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiko wapi? Kundi lisilopata chanjo mpya linapata nini? Mwanangu akidhurika nani anamtibu, hadi lini? Ikifaulu, itafika zahanati yetu? Naweza kujitoa kesho bila kunyimwa matibabu ya kawaida? Fomu isomwe yote kwa Kiswahili, na nakala ubaki nayo nyumbani. Nauli si rushwa, ni haki yako. Ila kama sabuni ndiyo iliyokuvuta, usisaini leo.

Mke wangu ni Shahidi wa Yehova, mimi si mmoja wao. Ni mjamzito wa miezi saba, ana kadi ya kukataa damu. Akizidiwa leba naweza kumsainia awekewe? (Mume, Arusha)

Hapana. Ni mtu mzima mwenye akili timamu, na ndoa haikukupa mamlaka ya kulibatilisha neno lake akiwa amezimia. Mtoto akishazaliwa ni habari nyingine: Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya matibabu, na imani ya mzazi isitumike kumnyima.

Lakini una miezi miwili, itumie. Damu yake ipimwe sasa, upungufu utibiwe mapema, na ajifungulie kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Daktari amwone peke yake, wewe ukiwa nje na wazee wa kutaniko lake wakiwa nje pia, amuulize anakataa nini hasa. Wengi wanakataa damu yenyewe, chembe nyekundu, plazma (maji ya damu) na chembe sahani (za kugandisha damu), lakini vitu vilivyochujwa kutoka humo kila mmoja huamua kwa dhamiri yake. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake, asaini, na nakala ibaki kwenye faili la hospitali atakayojifungulia.