Sanduku la Wasomaji: Jamii za Ajabu Zisizosikika Sana katika Riwaya za Kubuni

SWALI: Filamu za The Lord of the Rings nimezirudia mpaka nazijua kwa moyo. Rafiki yangu anasema vitabuni kuna watu wengine ambao filamu ziliwaruka kabisa. Ni kina nani? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Rafiki yako anasema kweli. Walioachwa ni wengi, lakini tukiambiwa tuchague jamii moja tu, tunawachagua Drúedain bila kusita. Wanajitokeza katika juzuu ya tatu ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, iliyochapishwa mwaka 1955. Wapanda farasi wa Rohan wanakimbilia Minas Tirith, mji uliozingirwa, na barabara kuu imeshazibwa na adui. Usiku kambini mfalme wa Rohan analetewa mzee mmoja mfupi, mnene, mwenye ndevu za kuhesabika na nyasi tu kiunoni. Jina lake Ghân-buri-Ghân, kiongozi wa Drúedain. Anaijua njia ya zamani ya magari ya kubebea mawe ambayo kila mtu ameshaisahau, na yuko tayari kuwapitisha humo.

Éomer, mpwa wa mfalme, anatilia shaka kama mtu huyu anajua lolote la maana. Mzee anamjibu kwa hesabu: ishirini za ishirini, mara kumi na tano. Piga mwenyewe. Ishirini mara ishirini ni 400, na 400 mara 15 ni 6,000, ambayo ndiyo idadi ya jeshi la Rohan. Mtu waliyemdhania kuwa nusu mnyama amewahesabu wote kimyakimya akiwa msituni, kwa hesabu ya vidole vya mikono na miguu. Akiulizwa malipo, hataki dhahabu. Anataka watu wake wasiwindwe tena kama wanyama, na hapo ndipo msomaji anapong'amua kwamba mashujaa aliowashangilia sura nzima walikuwa wakiwawinda hawa.

Mengine yamo katika Unfinished Tales, kitabu cha mwaka 1980 kilichohaririwa na Christopher, mtoto wa Tolkien. Humo tunaelezwa kwamba Drúedain walichonga mawe kwa sura zao wenyewe na kuyaweka kwenye njia na milango ili yalinde. Mmoja wao, Aghan, analazimika kusafiri na kumwacha rafiki yake Barach peke yake na familia, Orcs, viumbe katili wa upande wa adui, wakizurura karibu. Anamwachia jiwe la kulinda. Orcs wanakuja usiku, wanawasha moto ukutani, na Barach anaona umbo la Drûg (yaani mmoja wa Drúedain) likitokea na kuuzima kwa kuukanyaga. Aghan anaporudi, miguu yake ina majeraha ya moto, na jiwe nalo linakutwa miguu imeungua na kupasuka. Nguvu aliyoitia ndani ya jiwe ilikuwa yake, kwa hiyo na maumivu ya jiwe yakawa yake.

Hicho ndicho kinachotufanya tuwapende. Uwezo wao una gharama, na gharama yenyewe inaonekana kwenye nyayo za mtu.

Ukimaliza hao, tafuta habari za Mîm katika The Silmarillion (1977). Ni miongoni mwa wa mwisho wa ukoo mdogo ambao Elves waliwawinda kwa kutojua kwamba ni watu.

SWALI: Naandika riwaya. Jamii yangu ina ngozi ya bluu, macho manne, inaruka na inasoma mawazo. Walioisoma wananiambia haisisimui. Nimekosea wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Umewapa vingi wanavyoweza, hukuwapa hata kimoja wanachoshindwa. Kiumbe anayeruka na kusoma mawazo hana shida, na asiye na shida hana sababu ya kuwa na sheria, miiko wala ugomvi. Chagua tofauti moja ya mwili, uifuate mpaka jikoni, sokoni na makaburini kabla hujaongeza ya pili.

Mfano bora tunaoujua ni Tines wa Vernor Vinge, katika A Fire Upon the Deep (1992). Mwili mmoja ni mnyama anayefanana na mbwa mwenye shingo ndefu, na akiwa peke yake akili yake ni ndogo. Wakikusanyika wanne hadi wanane, wanaunganishwa na sauti za juu ambazo sikio la binadamu halizisikii, na kundi zima linakuwa mtu mmoja mwenye jina na kumbukumbu zake. Hiyo ndiyo tofauti pekee. Mengine yote yanazaliwa humo. Makundi mawili yakisogeleana mno, sauti zinaingiliana na fikra zinavurugika, kwa hiyo jeshi lao haliwezi kusimama bega kwa bega. Mwili mmoja ukifa, mtu hafi. Anapungua, au anapokea mwili mpya na tabia yake inabadilika. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka mingi kupita miili yake, ila si yule yule. Tena mtawala katili akiweza kuchagua miili ya kuunganisha, anaweza kutengeneza watu kwa matakwa yake, na Vinge anaye mtawala wa namna hiyo.

Sasa turudi kwako. Ngozi ya bluu iweke kando kwanza. Tuchukue macho manne. Kuna samaki wa kweli, Anableps wa Amerika ya Kati na Kusini, ambaye kila jicho lake limegawanyika: nusu ya juu huona hewani, nusu ya chini huona majini, kwa wakati mmoja. Huogelea macho yakiwa usawa wa maji, na huzamisha kichwa mara kwa mara ili sehemu ya juu isikauke. Wape watu wako macho hayo, kisha ujiulize maswali. Mlinzi wao atasimama nchi kavu kwa muda gani kabla macho hayajaanza kumwasha? Kikao cha wazee kitafanyika wapi, kama si ndani ya maji ya kifuani? Basi hakiwezi kuanza maji yakiwa yamekupwa, na toka kujaa mpaka kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita. Mjumbe aliyefika nusu saa baada ya maji kutoka atangoja. Kesi kubwa zitasubiri bamvua, maji yanapofika mpaka ngazi za juu na kila mtu anapata nafasi. Adui anayewajua atashambulia wakati wa maji kupwa. Hapo umeshapata sheria, adabu na vita, na wewe ni mtu wa Mombasa: kalenda ya maji unayo kichwani.

Kosa jingine tunaloliona sana ni la vipimo. Chukua mtu wa sentimita 170 na kilo 70, umfanye jitu la kimo mara mbili kwa umbo lile lile. Atakuwa na mita 3.4, lakini uzito hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nane, kilo 560. Unene wa mfupa, ukiukata na kupima eneo lake, umeongezeka mara nne tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa wa paja inabeba mzigo maradufu, na akijikwaa atavunjika. Mpe miguu minene kama ya tembo, au sayari yenye mvutano mdogo, au umwache aishi majini. Na mdudu mkubwa kama ng'ombe atakosa pumzi, kwa kuwa wadudu huvuta hewa kwa vitundu vya ubavuni na mirija myembamba ambayo haifikishi hewa ya kutosha ndani ya mwili mnene. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, hewa ilipokuwa na oksijeni nyingi kuliko sasa, palikuwa na wadudu wa jamii ya kereng'ende wenye mabawa ya zaidi ya sentimita 60 toka ncha hadi ncha. Ukitaka wakubwa kuliko hao, wape mapafu na useme hivyo mapema.

SWALI: Nikieleza kila kitu, fumbo linakufa. Nikificha, wasomaji wanalalamika kwamba nimewadanganya. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Jibu wafiche mashahidi wa hadithi, lakini wewe mwenyewe ulijue. Mwandishi asiyejua jibu huonekana haraka, maana alama anazoziacha hazilingani.

Angalia Dwemer wa gemu za The Elder Scrolls, hasa Morrowind ya mwaka 2002. Jamii nzima ilitoweka kwa mara moja, kila mahali, wakati wa vita vya Red Mountain. Miji yao ya chini ya ardhi imebaki, mabomba ya mvuke bado yanafoka, na mashine bado zinalinda korido zisizo na mwenyewe. Wote walioshuhudia wana sababu ya kusema uongo au ya kutojua, na maelezo yao yanapingana. Halafu watunzi wakafanya jambo la werevu mkubwa: wakamwacha Dwemer mmoja hai, Yagrum Bagarn, mgonjwa, amefungiwa chini ya mnara. Unamfikia ukitegemea jibu. Naye hajui, kwa kuwa siku ile alikuwa nje ya dunia hii, na aliporudi akakuta wenzake hawapo.

Hujadanganywa hapo. Umepewa alama za kushikika, umepewa jina la fundi aliyekuwa akichezea nguvu asizozimudu, na umepewa mtu wa kumhurumia. Fanya vivyo hivyo: andika jibu kamili kwenye daftari lako, kisha amua ni nani hasa katika hadithi angeweza kuliona, na kwa kiasi gani. Kilichobaki ndicho fumbo.

SWALI: Ni kweli kwamba viumbe hawa wa ajabu walianza kama uzushi juu ya Afrika? – Msomaji, Lamu

JIBU: Kwa sehemu, ndiyo, na inauma. Pliny, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika juu ya watu wasio na vichwa wenye macho kifuani, na wengine wenye mguu mmoja mkubwa wanaoutumia kama mwavuli. Aliwaweka India na Afrika. Ramani ya Hereford, ya karibu mwaka 1300, imewapanga baadhi ya viumbe wa namna hiyo ukingoni kusini mwa Afrika. Wale wasio na vichwa waliitwa Blemmyes, na Blemmyes walikuwa watu halisi kati ya Nile na Bahari ya Shamu, wenye vichwa vyao, waliopigana na Roma. Pwani yetu nayo haikusalimika: al-Mas'udi, aliyesafiri huku mwanzoni mwa karne ya 10, anaitaja nchi ya Waqwaq mbele ya Sofala, na jina hilo likabebeshwa pia ngano ya mti unaozaa wanadamu. Ukiunda jamii leo, jiulize kama umeiweka mbali ili iwe huru, au ili usilazimike kuwajua watu.

SWALI: Natafsiri hadithi za namna hii kwa Kiswahili. "Mbilikimo" na "zimwi" vinatosha? Na upatanisho wa ngeli? – Msomaji, Bukavu

JIBU: "Zimwi" linafaa kwa jitu mla watu, basi. "Mbilikimo" usilitumie kwa Dwarves, wale watu wafupi wa ngano: huko uliko unajua vizuri kwamba neno hilo wamebandikwa Wambuti na Watwa, ambao ni jirani zako. Tolkien aliwapa jina lao wenyewe, Khazâd, andika Wakhazadi. Elves ukiwaita "elfu" utaingia matatani mara ya kwanza utakapowahesabu, kwa hiyo chukua Quendi, uandike Wakwendi. Orcs wawe maorki, kwa sababu "ma-" inabeba ukubwa na dharau, lakini upatanisho ubaki wa watu: maorki wamefika, kama majambazi wamefika.

Kwenye jinsia Kiswahili kinakupa zawadi. Watu wa sayari ya Gethen, katika The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin (1969), hawana jinsia ila siku chache katika mzunguko wa siku 26 hivi, na mtu mmoja anaweza kuwa mama wa huyu na baba wa yule. Kiingereza kilimlazimu mwandishi awaite kwa kiwakilishi cha kiume, akalaumiwa, na baadaye mwenyewe akabadili msimamo. "A-" yetu haina tatizo hilo. Mtego uko kwenye ndoa na undugu: "alioa" na "aliolewa" vinamtaja mwanamume na mwanamke papo hapo. Andika "walioana". Badala ya kaka na dada, andika ndugu, mkubwa wangu, mdogo wangu. Shangazi na mjomba huwezi kuwaokoa. Sema ndugu wa mzazi.

Bahari inayowaza, ile ya Solaris ya Stanisław Lem (1961), ni ngumu zaidi. Ukiandika "bahari inajibu", ni kitu. Ukiandika "bahari anajibu", umeshaamua kwamba ni mtu, kabla wanasayansi wa kitabuni hawajakubaliana. Tungeanza na "inajibu" kwa wote, tukamwacha mhusika anayeanza kuamini ateleze kwenye "anajibu", huku mwenzake aking'ang'ania "i-". Tines nao vivyo hivyo: mgeni aseme "kundi limesema", na akishawazoea alitaje jina na aseme "amesema", umoja, hata kama mbele yake kuna vinywa sita.

Kabla ya sura ya kwanza, andaa ukurasa mmoja wenye kila jamii, umoja wake, wingi wake, na nani katika hadithi anatumia upatanisho upi. Bila ukurasa huo utajikanganya ukifika sura ya tatu, na msomaji ataona.