Jibu: Seva yangu imeorodheshwa bila kosa, nani alaumiwe?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini barua pepe zako zinarudishwa kwa kosa la 550 (yaani seva inayopokea imezikataa) ilhali hujatuma barua taka, na lawama ni ya nani. Kwanza soma ujumbe wa kukataliwa hadi mwisho, kwani mara nyingi humo hutajwa orodha ya kuzuia barua taka iliyokunasa. Ikiwa ni PBL ya Spamhaus, shirika linalotunza orodha kama hizo, hujashutumiwa lolote: hiyo hukusanya anwani za IP zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Ikiwa ni XBL, orodha yao ya kompyuta zilizoambukizwa au kudukuliwa, kagua kila kompyuta iliyo nyuma ya ruta yako kabla ya kuomba kuondolewa, la sivyo utarudishwa orodhani upesi. Mwenye orodha hutangaza tu. Anayezuia barua ni msimamizi wa seva inayopokea, naye anaweza kukuruhusu. Orodha inayodai malipo ili ikuondoe, mimi huwashauri wateja wasiilipe.