Kabla ya cheti, fuata waya: kwa anayeanza kusimamia mifumo ya ofisi

Vijana wanaomaliza chuo huniuliza swali lile lile: kaka, nianze na cheti gani? Na mimi huwarudishia swali: swichi ya mtandao ya ofisi mnayofanyia mafunzo imechomekwa wapi? Wengi hawajui. Kwenye ofisi ya watu 30 au 50, iwe ya mawakili, ya wakala wa forodha au ya shirika dogo, mengi unayoitiwa yanaanzia kwenye umeme, kwenye waya, au kwenye jambo ambalo mtu mmoja alilijua na hakuliandika popote. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo: msimamizi mzuri wa mifumo ni yule ambaye ofisi yake inaendelea na kazi hata akiwa msibani Songea na simu imezima chaji.

Tuanze na umeme. Ofisi nyingi swichi iko chini ya meza ya mapokezi, kwenye ekstensheni moja na birika la chai. Asubuhi na mapema dada wa usafi anachomoa plagi moja ili apate pa kuchomeka mashine yake, na saa mbili wafanyakazi wanaingia hakuna mtandao. Unapigiwa simu, unamsumbua mtoa huduma wa intaneti, mnabishana, kumbe tatizo lilikuwa miguuni pa mgeni anayesubiri bosi. Dawa yake haihitaji cheti: kabati dogo la ukutani lenye ufunguo, na soketi yake peke yake ambayo fundi umeme ameivuta moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya breka.

UPS, yale maboksi yenye betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, nazo zina uongo wake. Ile iliyoandikwa 650 VA haibebi wati 650. Nyingi za ukubwa huo huishia wati 360 hadi 400. Mtu akichomeka hapo printa ya leza, ambayo wakati wa kupasha moto inaweza kuvuta wati 1,000 hivi, UPS inapiga kelele na kuzima pamoja na kila kilichoitegemea. Printa ichomeke ukutani. Betri za ndani huanza kuchoka baada ya miaka mitatu au minne, na kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, kwa joto hili letu la Februari, huwahi zaidi. Ukifungua UPS ukakuta betri imetuna ubavuni na inagoma kutoka kwenye kitako chake, ujue ilishakufa zamani, taa ya kijani ilikuwa inakudanganya tu. Siku unayofunga betri mpya, andika tarehe juu yake kwa maka pen. Halafu mara moja kwa robo mwaka, Ijumaa jioni watu wakishaondoka na kazi zao zimehifadhiwa, chomoa UPS ukutani uangalie inadumu dakika ngapi. Dakika nane zinatosha kuzima seva kistaarabu. Hazitoshi kumalizia kuandika mishahara, na bosi lazima aambiwe hivyo mapema.

Na LUKU. Usicheke. Namba ya mita ibandikwe mlangoni mwa chumba cha seva, na wawepo watu wawili wenye ruhusa ya kununua umeme. Ofisi yenye seva ya mamilioni inaweza kulala giza kwa sababu uniti zimeisha na namba ya mita iko kwenye simu ya mtu aliye likizo.

Upande wa kebo nina jambo moja tu la kusisitiza. Boksi la mita 305 la kebo ya mtandao ya Cat6 linaloshangaza kwa bei mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kabla hujalipa, omba kipande, menya uzi mmoja kisha ukwangue kwa wembe. Shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, ile nyingine hugeuka nyeupe kama waya wa hanga. Hiyo nyeupe hukatika kwenye viungio, na ukiitumia kupeleka umeme kwenye kamera au vifaa vya Wi-Fi hupata joto kuliko inavyotakiwa. Halafu weka lebo pande zote mbili za kila waya. Lebo ya upande mmoja ni nusu ya kazi.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibu majina ya watu wengi wa fani yetu: kukalia nywila. Kuna imani mtaani kwamba ukiwa peke yako mwenye nywila ya rauta na seva, hawawezi kukufukuza. Wanaweza, na hukufukuza kwa hasira zaidi. Mfano mkubwa ni wa San Francisco, Marekani. Julai 2008 mhandisi wa mtandao wa jiji, Terry Childs, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa wakubwa wake nywila za mtandao aliokuwa akiusimamia. Mtandao wenyewe haukuzimika. Uliendelea kufanya kazi kama kawaida. Mwishowe, akiwa jela, Childs alimkabidhi nywila hizo meya wa wakati huo, Gavin Newsom. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Aliyesoma kesi ile anaona fundi hodari kabisa, na ndiyo maana inauma: uhodari wake haukumsaidia kitu.

Huku kwetu sura ya tatizo hilo ni jina la tovuti. Kampuni inafunguliwa, kijana fulani anaambiwa "tusajilie .co.tz," anasajili kwa barua pepe yake binafsi, baada ya miaka miwili yuko nchi nyingine. Siku jina linaisha muda, barua pepe zote za kampuni zinakata. Kila kitu kisajiliwe kwa jina la kampuni na kwa anwani ya kazi kama ict@ au admin@ ambayo zaidi ya mtu mmoja anaifikia. Nywila ziweke kwenye programu ya kutunza nywila kama KeePass au Bitwarden, na ile nywila kuu iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, isainiwe kwenye mkunjo, na ikae kwenye sefu ya mhasibu. Ukiibadilisha, badilisha na bahasha. Niamini, mkurugenzi anayeona bahasha hiyo hakuchukulii tena kama fundi wa kurekebisha printa.

Bahasha hiyo ina faida nyingine iliyoonekana dunia nzima tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Marekebisho yalihitaji mtu aende kwenye mashine, aiwashe kwa hali salama, afute faili moja. Kazi nyepesi, isipokuwa kwamba diski zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, zilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Kuna waliokuwa wamehifadhi funguo hizo kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Funguo za BitLocker ziwe na nakala nje ya mfumo unaozitumia, kwa mfano ndani ya bahasha hiyo hiyo.

Bakapu. Kila mtu anazo, ukiuliza. GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za programu za watu mtandaoni, nao walikuwa nazo: tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe, na walipogeukia njia zao za kuhifadhi nakala wakakuta karibu zote ama hazifanyi kazi ama hazikuwahi kuwekwa sawasawa. Walipoteza data za saa 6 hivi, na kwa uungwana wao walieleza yote hadharani.

Kwa hiyo usiniambie bakapu ipo; niambie umerudisha nini mwezi huu. Njia ninayoipenda ni hii. Chukua nakala ya hifadhidata ya programu ya uhasibu ya wiki iliyopita, irudishe kwenye kompyuta nyingine, kisha mwite mhasibu aifungue yeye mwenyewe. Wewe utaona programu imefunguka ukafurahi, yeye ndiye atakayesema "mbona ankara za Alhamisi hazimo?" Hapo mtagundua kwamba nakala inachukuliwa saa nane mchana wakati watu wanaandika humo, na faili la hifadhidata lililonakiliwa likiwa wazi mara nyingi huwa na kasoro. Isogeze usiku, au tumia bakapu ya programu yenyewe. Jambo la pili: diski ya nje inayokaa imechomekwa muda wote si kinga dhidi ya virusi vya kudai fidia, kwa sababu vikifunga seva vitaifunga na diski hiyo. Ziwe diski mbili zinazopokezana, moja ikae nje ya jengo.

Intaneti nitaipitia haraka. Kuwa na watoa huduma wawili ni vizuri, lakini waulize wote wawili trafiki yao inapita kebo gani ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na wapo waliokuwa wakilipia laini mbili zilizokufa kwa wakati mmoja. Majina tofauti kwenye ankara hayamaanishi njia tofauti baharini.

Kuhusu laptop za Dubai, yaani za mitumba, zinazouzwa Kariakoo, mimi si mpinzani. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Ila Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa ambayo, kwa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Muuzaji atakuambia "hii Windows 11 ipo tayari, bosi." Inaweza kuwa ipo kweli, kwa ujanja. Iache.

Haya, vyeti. Sivipingi. CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, inafundisha mtandao vizuri, lakini mtihani wake ni dola 300, na kwa kijana asiye na ajira hizo ni fedha nyingi. Anza na kozi za bure za Cisco Networking Academy, tafuta laptop ya mitumba yenye RAM ya GB 16, weka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta za kufikirika ndani ya laptop yako), jenga humo seva za Debian, ambayo ni Linux ya bure, zivunje, zirudishe. Unachojifunza kiandike kama mwongozo wa kumpa mtu mwingine. Kwenye usaili, kurasa tano za namna hiyo humfanya anayekuhoji akuulize maswali ya kazi badala ya tafsiri za vifupisho.

Na jifunze kuomba fedha. Ukimwambia bosi "mzee, tunahitaji NAS yenye RAID," yaani hifadhi ya pamoja inayovumilia diski moja kufa, atasema tutaangalia mwakani. Mwambie: "Mzee, diski hii ikifa tarehe 18, ritani ya VAT ya tarehe 20 haiendi." Hapo atavua miwani akuulize bei.

Ukiitwa kwenye usaili, omba kuoneshwa chumba cha seva kabla ya kukubaliana mshahara. Uliza aliyetangulia aliondoka lini, na nywila ya msimamizi anayo nani sasa hivi. Wakikujibu "bado anatusaidia kwa simu," pandisha kidogo mshahara unaoutaka. Wiki ya kwanza usiguse mpangilio wowote, zunguka tu na daftari ufuate kila waya hadi mwisho wake. Isipokuwa akaunti ya huyo anayesaidia kwa simu: omba kibali cha maandishi cha kuifunga siku hiyo hiyo ya kwanza.